Maswali ya Wasomaji: Uchumi Ukiyumba, Gereza Huguswa Vipi?

Barua tulizochagua safari hii zinahusu jambo moja, yaani namna ugumu wa uchumi unavyobadili idadi ya watu walioko magerezani na namna unavyowabana wale wanaoyaendesha. Tumezifupisha barua zenyewe, na majina ya walioandika tumeyaacha kwa ombi lao.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa somo la uraia. Darasa langu limegawanyika. Kundi moja linasema kwamba maisha yakiwa magumu uhalifu huongezeka na magereza hujaa. Kundi la pili linasema kwamba maskini waaminifu ni wengi kuliko wezi, kwa hiyo umaskini hauwezi kuwa sababu. Nani yuko karibu na ukweli?

Mwalimu, kila kundi limeshika sehemu ya ukweli, lakini yote mawili yameruka hatua iliyo kubwa kuliko zote. Kati ya mtu kukosa riziki na mtu huyo kulala gerezani kuna msururu wa maamuzi yanayofanywa na watu wengine: mbunge anaamua kitendo kipi kiitwe kosa, polisi anaamua nani akamatwe, hakimu anaamua masharti ya dhamana, na bodi inaamua mfungwa atoke lini. Uchumi unapoyumba maamuzi hayo yote huguswa, na mara nyingi huguswa mapema kuliko tabia za maskini wenyewe.

Chukua mfano wa Marekani katika mdororo mkuu ulioanza mwaka 1929. Mwaka 1925 magereza ya majimbo na ya serikali kuu yalikuwa na wafungwa takriban 79 kwa kila wakazi 100,000. Kufikia mwaka 1939 walikuwa 137. Anayeishia kwenye takwimu hizo atalipatia ushindi kundi la kwanza na kufunga mjadala. Hata hivyo, kiwango cha mauaji nchini humo kilifika kileleni mwaka 1933 kisha kikaanza kushuka, huku magereza yakizidi kujaa. Sehemu ya maelezo iko kwenye lango la kutokea. Bodi nyingi za parole, yaani zile zinazoamua mfungwa aachiliwe kabla ya kifungo chake kuisha, wakati ule zilimtaka mfungwa aonyeshe kwanza kwamba yuko mwajiri anayemsubiri, na katika miaka ambayo hata mtu asiye na doa lolote hakupata kibarua, sharti hilo liliwabakiza ndani watu ambao kwa mwenendo wao na kwa muda waliokwisha kuutumikia walistahili kwenda nyumbani.

Iko hesabu ndogo ambayo ningependa wanafunzi wako waifanye wenyewe ubaoni. Idadi ya watu walioko gerezani siku yoyote hutokana na mambo mawili: wangapi wanaingia, na kila mmoja anakaa kwa muda gani. Gereza linalopokea watu 100 kila mwezi, kila mmoja akikaa miezi 3, litakuwa na watu 300. Muda huo ukirefuka hadi miezi 6 kwa sababu kesi zinaahirishwa au kwa sababu hakuna anayeachiliwa mapema, gereza hilohilo litakuwa na watu 600, na wala hapajatendeka kosa moja la ziada mitaani. Wanaopigania kauli ya kwamba umaskini huzaa uhalifu, na wanaoipinga, wote huitazama namba ya kwanza na kuisahau ya pili.

Kundi la pili lina ushahidi wake pia. Mwaka 2009 ukosefu wa ajira nchini Marekani ulifika asilimia 10 mwezi Oktoba, lakini wizi na mauaji vilipungua mwaka huo, na idadi ya wafungwa katika magereza ya majimbo, kwa ujumla wake, ikashuka kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1972. Ilishuka kwa kiasi kidogo, na magavana kadhaa waliokuwa wagumu kwa miaka mingi walianza ghafla kuvutiwa na adhabu mbadala, si kwa huruma mpya bali kwa sababu hazina zilikuwa tupu. Mfano unaonivutia zaidi ni Finland. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara yake na Umoja wa Kisovieti ilikatika na mabenki yake yakatikisika, na ukosefu wa ajira ukapanda kutoka takriban asilimia 3 mwaka 1990 hadi zaidi ya asilimia 16 mwaka 1994. Katika muongo huohuo idadi ya wafungwa wake ilizidi kushuka. Tangu miongo kadhaa kabla ya hapo, wanasheria, majaji na wanasiasa wa nchi hiyo walikuwa wamekubaliana kwamba idadi ya wafungwa ni jambo linaloamuliwa na sera, wakafupisha vifungo vya wizi na kupanua matumizi ya faini na adhabu za nje ya gereza. Msukosuko wa uchumi ulipofika ulikuta uamuzi huo umekwisha kukomaa.

Hayo hayafuti uhusiano wa umaskini na wizi. Makosa ya mali huelekea kupanda kwa kiasi fulani ajira zinapopotea, hasa kwa vijana wa kiume wasio na ujuzi, ilhali makosa ya kumwaga damu hayafuati mkondo huo kwa uthabiti. Lakini waeleze wanafunzi wako pia kwamba mara nyingine sheria huugeuza umaskini wenyewe kuwa kosa. Uingereza ilipotunga sheria ya uzururaji mwaka 1824, mitaa yake ilikuwa na askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon bila kazi wala makazi, na sheria ile ikatoa adhabu kwa kulala nje na kuombaomba. Mifano yake ilisambazwa katika makoloni na ikabaki vitabuni muda mrefu baada ya uhuru. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinawajibika kuzirekebisha au kuzifuta. Pale zinapobaki, mwaka mgumu huongeza idadi ya wanaokamatwa bila mtu yeyote kuwa mbaya zaidi kuliko alivyokuwa mwaka uliopita.

Nimestaafu baada ya utumishi mrefu katika magereza. Kila bajeti ilipopunguzwa tulielekezwa kubana matumizi, lakini sikuwahi kuona matumizi yakipungua kwa kweli. Yalihamia tu mahali pengine. Raia hudhani ni uzembe wetu. Naomba mlieleze jambo hili.

Afande, gharama za gereza zina umbo ambalo idara nyingine hazina. Chuo kikipungukiwa fedha kinaweza kupokea wanafunzi wachache, na ujenzi wa barabara unaweza kusimama hadi mwaka ujao, lakini mkuu wa gereza hana mamlaka ya kumkataa mtu aliyeletwa na hati halali ya mahakama. Idadi ya watu atakaowalisha huamuliwa na wengine, na hao wengine hawatoi chochote kutoka katika mafungu yao kwa kila mtu wanayempeleka. Mwendesha mashtaka anayepinga dhamana haoni popote katika vitabu vyake gharama ya uamuzi wake. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza, na mimi naiona kuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu anayeagiza si anayelipa.

Kasoro ya pili iko katika gharama zenyewe. Sehemu yake kubwa haibadiliki hata idadi ya wafungwa ikipungua kidogo: ukuta ni uleule, taa za usiku ni zilezile, na lango linahitaji askari mchana na usiku, katika zamu zisizokatika. Gereza lenye wafungwa 500 likipungukiwa wafungwa 10 huokoa chakula chao na sabuni yao, basi. Akiba ya maana huanza pale bweni zima au gereza zima linapofungwa na watumishi wake kupangiwa kazi nyingine, na hilo ni jambo lisilowezekana katika mwaka ambao wanaoingia wanaongezeka. Kwa hiyo agizo la kupunguza matumizi huangukia vitu vichache vinavyoweza kupunguzwa bila kuonekana mara moja, navyo ni matengenezo, mafuta ya magari, dawa, mafunzo ya askari, na vifaa vya karakana na madarasa.

Tuanze na mafuta, maana hapo ndipo ulipo mnyororo ambao raia wengi hawaujui. Gari la gereza likikosa mafuta, mahabusu hawafiki mahakamani. Wasipofika, kesi huahirishwa, mara nyingi kwa wiki mbili au zaidi, na shahidi aliyesafiri kwa nauli yake hurudi kwao akiwa ameapa kutorudi tena. Tarehe nyingine ikifika, mahabusu yuko lakini shahidi hayupo, na kesi huahirishwa tena. Wakati huohuo upande wa upelelezi nao umepunguziwa fedha, na ile kauli maarufu kwamba upelelezi haujakamilika hurudiwa mwezi baada ya mwezi. Lita chache zilizookolewa zimezaa miezi kadhaa ya kulisha, kulinda na kutibu mtu ambaye huenda angeachiwa huru katika tarehe ya kwanza. Wanaodai kwamba ni uzembe wangepewa daftari la mafuta la gereza moja walisome kwa mwezi mmoja.

Matengenezo yana mnyororo wake, ingawa si lazima kuufuata kwa urefu: bomba la maji taka lisilotengenezwa huleta kuhara, kuhara huleta gharama ya dawa na ya kumsindikiza mgonjwa hospitali, na kila mgonjwa mmoja anayelazwa nje huondoa askari wawili au zaidi kwenye zamu.

Uhaba wa askari ndio unaobadili kabisa maisha ya ndani. Nafasi za kazi zikisitishwa, wanaostaafu kama wewe hawajazwi, na askari mmoja hubebeshwa bweni lililokuwa la watu wawili au watatu. Hana njia ila kuwafungia wafungwa mapema na kuwafungulia kwa kuchelewa. Karakana hufungwa kwa kukosa msimamizi, darasa hukosa msindikizaji, na siku za jamaa kutembelea hupunguzwa. Pengo la usimamizi halibaki wazi. Manyapara na wakubwa wa makundi hulijaza, na punde nafasi ya kulala, ndoo ya maji na zamu ya jikoni huwa bidhaa zenye bei. Mshahara wa askari ukiliwa na mfumuko wa bei, baadhi yao huingia katika soko hilo. Nasema baadhi, kwa kuwa wengi hawaingii, lakini mfumo unaotegemea uadilifu wa mtu ambaye mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi umejiwekea mtego. Kanuni za Nelson Mandela, yaani kanuni za chini za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa zilizopitishwa upya Desemba 2015, zinataka mishahara ya watumishi wa magereza itoshe kuwavutia na kuwabakiza watu wanaofaa. Kifungu hicho hutajwa mara chache kuliko vile vya haki za wafungwa, ilhali vingi kati ya hivyo haviwezi kutekelezwa bila hicho.

Kuhusu chakula, tatizo ni kalenda. Fungu hupangwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza, kwa bei za wakati huo, na bei zikipanda katikati ya mwaka fungu halipandi nazo. Kanuni nilizozitaja zinadai chakula chenye lishe ya kutosha na maji ya kunywa wakati wote, lakini mzabuni ambaye hajalipwa hasomi kanuni. Zimbabwe iliona ukomo wa njia hiyo mwaka 2008, mfumuko wa bei ulipoipora sarafu yake thamani yote: mgawo wa magerezani uliporomoka, wafungwa wakafa kwa utapiamlo na maradhi, na mwaka 2009 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikaanza kupeleka chakula magerezani. Kabla ya kufika huko, nchi nyingi huchukua njia ya kimya, ya kuziachia familia zilishe ndugu zao. Kwenye vitabu vya serikali hiyo huonekana kuwa akiba. Ukweli ni kwamba gharama imehamishwa kutoka hazina ya taifa hadi kwa mke au mama ambaye uchumi huohuo umemnyima kazi, na mfungwa asiye na jamaa karibu hubaki akitegemea huruma ya wenzake.

Nchi tajiri nazo haziko salama. Magereza ya jimbo la California yaliyojengwa kwa ajili ya watu wasiofika 80,000 yaliwahi kubeba takriban maradufu ya idadi hiyo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliona kwamba msongamano huo ndio uliokuwa chanzo kikuu cha wafungwa kukosa matibabu, ikathibitisha amri ya kuipunguza idadi hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa majengo. Jimbo wakati huo lilikuwa katika upungufu mkubwa wa fedha, na kujenga magereza mapya kwa haraka hakukuwezekana.

Mwanangu alitozwa faini kwa kosa dogo. Hatukuweza kulipa, akafungwa. Kijana mwingine aliyekamatwa naye alilipiwa siku ileile, akaenda nyumbani. Je, hiyo ni haki?

Mama, pole kwa yaliyoifika familia yako. Mahakama iliwapa vijana wote wawili adhabu ileile kwa maandishi, lakini kwa mmoja ilikuwa usumbufu wa mchana mmoja na kwa mwingine ikawa kifungo. Swali lako limewasumbua wanasheria kwa muda mrefu, na baadhi ya nchi zimelijibu kwa vitendo. Finland ilianza mwaka 1921 kutoza faini kwa siku: mahakama kwanza huamua idadi ya siku kulingana na uzito wa kosa, kisha huamua thamani ya siku moja kulingana na kipato cha mkosaji. Sweden ilifuata mwaka 1931, Denmark mwaka 1939 na Ujerumani mwaka 1975. Tajiri na maskini waliotenda kosa moja hupewa siku sawa na fedha tofauti. Hata hivyo, njia hiyo haikuwafuta kabisa wanaofungwa kwa kushindwa kulipa. Ujerumani ilikuwa ikihesabu siku moja ya gereza kwa kila siku moja ya faini isiyolipwa, hadi Februari 2024 ilipoanza kuhesabu siku moja ya gereza kwa siku mbili za faini.

Kumfunga mtu kwa ufukara wake ni jambo la kale. Mwaka 1776 Mwingereza John Howard, aliyezunguka magereza ya Uingereza na Wales akihesabu waliomo, aliwakuta watu 4,084, na kati yao 2,437 walikuwa wadaiwa. Kabla ya hesabu hiyo alikuwa amekuta pia watu waliokwisha kuonekana hawana hatia lakini bado wamezuiwa kwa sababu hawakuweza kumlipa bwana jela ada zake, na ushahidi wake ulilifanya Bunge litunge sheria ya kuwaachilia mwaka 1774. Leo Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba, yaani deni la kawaida. Faini ya mahakama haimo katika katazo hilo, ndiyo maana mlango huo umebaki wazi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka mwaka 1983 kwamba mtu anayetumikia adhabu nje ya gereza chini ya uangalizi hawezi kupelekwa gerezani kwa kushindwa kulipa faini kabla mahakama haijachunguza kama kweli alikuwa na uwezo akakataa, lakini kutamka ni jambo moja na kuchunguza ni jambo jingine.

Kwa upande wa vitendo, mambo matatu yanafaa kuulizwa mapema katika ofisi ya mahakama au kwa msaada wa sheria. La kwanza ni kumweleza hakimu kipato cha kweli cha mshtakiwa kabla adhabu haijatolewa, pamoja na kuomba muda wa kulipa au kulipa kwa awamu. La pili ni kuuliza kama kosa linaruhusu adhabu ya huduma kwa jamii, ambayo ilianza kukua Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kisha kupata sheria zake Kenya mwaka 1998, Uganda mwaka 2000 na Tanzania mwaka 2002. La tatu ni kwamba katika sheria za nchi nyingi, mtu aliyekwisha kuanza kutumikia kifungo cha faini anaweza kulipiwa sehemu iliyobaki, na kifungo kikapunguzwa kwa uwiano. Usikubali kuambiwa kwamba mpaka ipatikane faini yote ya mwanzo, bila kwanza kuhakikisha sheria ya kwenu inasemaje.

Na yupo mwingine aliye katika hali mbaya kuliko mwanao, naye ni mahabusu ambaye hajahukumiwa kabisa. Duniani kuna watu zaidi ya milioni 11 walioko magerezani, na takriban theluthi moja wanasubiri kesi. Wengi wao wana haki ya dhamana. Wanachokosa ni fedha, hati ya mali au mdhamini anayekubalika.

Kwa nini wafungwa wasifanye kazi za kuzalisha mali, wakalipa gharama zao wenyewe, hasa wakati huu serikali haina fedha?

Wazo hilo hurudi kila uchumi unapobana, na huwa na wapinzani wasiotarajiwa, nao ni wafanyakazi huru na wenye viwanda. Marekani ilikuwa na viwanda vikubwa vya magereza vilivyouza bidhaa sokoni. Mdororo ulipowaacha mamilioni bila kazi, vyama vya wafanyakazi na wenye viwanda waliungana kudai kwamba bidhaa za wafungwa zinawaharibia soko. Sheria iliyotungwa mwaka 1929 na kuanza kutumika mwaka 1934 iliyaruhusu majimbo kuzizuia bidhaa hizo zinapotoka majimbo mengine, na nyingine ya mwaka 1935 ikakaza zaidi usafirishaji wake. Magereza mengi yakabaki na wafungwa wengi kuliko wakati wowote na kazi chache kuliko wakati wowote, na uvivu wa kulazimishwa ukawa tatizo la nidhamu. Kwa maneno mengine, wakati serikali inapoihitaji zaidi kazi ya wafungwa ndio wakati soko linapoikubali kwa shida zaidi.

Pia kiwanda cha gereza kinahitaji mtaji, malighafi na wasimamizi, na vitu hivyo ndivyo vinavyokatwa kwanza katika bajeti. Kilimo na ufugaji kwa ajili ya chakula cha gereza lenyewe huleta nafuu ya kweli pale ardhi ilipo, kwa kuwa mavuno huliwa na waliolima na hayategemei bei ya sokoni. Mimi ningeishia hapo. Kanuni za Nelson Mandela zinasema wazi kwamba maslahi na mafunzo ya wafungwa yasiwekwe chini ya lengo la kupata faida, na zinataka wafungwa walipwe ujira wa haki. Gereza linaloendeshwa ili lijilipe lina sababu ya kumtamani mfungwa mwenye nguvu na kifungo kirefu, ambaye kwa kawaida si yule aliye rahisi kumrudisha katika jamii.

Je, magereza yakiwa na chakula kizuri na matibabu, maskini hawatafanya makosa makusudi ili waingie?

Hoja hii ni ya zamani. Uingereza iliitumia kwa nyumba za maskini katika sheria yake ya mwaka 1834, kwa kutaka anayesaidiwa aishi chini ya hali ya kibarua wa chini kabisa aliye huru. Ikihamishiwa gerezani ina maana kwamba kila maisha ya walio nje yanapozidi kuwa mabaya, ya walio ndani lazima yaharibiwe zaidi, na mahali ambapo walio nje hawapati mlo wa kutosha, walio ndani wangepaswa kufa. Wapo watu wachache, hasa wazee wasio na ndugu, ambao hutenda kosa dogo ili wapate makazi, Japani imewashuhudia. Lakini wanaotafuta ukuta wa gereza ili walale salama wanatuambia habari za nje ya ukuta, na dawa yao ni makazi na pensheni, ambavyo kwa kila mtu ni nafuu kuliko zamu tatu za askari.

Msamaha wa wafungwa unaotolewa siku za kitaifa, je, unapunguza msongamano?

Unapunguza kwa muda. Italia ilitoa msamaha wa jumla Julai 2006, na wafungwa wakashuka kutoka zaidi ya 60,000 hadi chini ya 40,000 katika miezi michache. Mahakama ziliendelea kupeleka watu kama zamani, kwa sheria zilezile, na kufikia mwisho wa mwaka 2010 idadi ilikuwa imepita 65,000. Januari 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Italia kwa msongamano huo na kuitaka itafute suluhisho la kudumu. Safari hii nchi hiyo ilipanua kifungo cha nyumbani, ikaongeza siku za kupunguziwa kifungo kwa mwenendo mwema, na kwa sheria ya mwaka 2014 ikaruhusu kesi za makosa madogo zisimamishwe mshtakiwa akikubali kufanya kazi za kijamii chini ya uangalizi. Mwishoni mwa mwaka 2015 wafungwa walikuwa takriban 52,000, ingawa mwaka mmoja tu kabla ya hapo uchumi wa Italia ulikuwa umedorora na zaidi ya asilimia 12 ya nguvukazi yake haikuwa na ajira.